Mzee mwenye Medicare na kipato kidogo: anza na ofisi ya jimbo

Mwaka 2025 mzee aliye kwenye Medicare nchini Marekani, yaani bima ya afya ya serikali kuu kwa wenye miaka 65 na zaidi na baadhi ya wenye ulemavu, alikuwa anakatwa dola 185 kila mwezi kwa ajili ya Sehemu B, ile inayolipia madaktari na vipimo. Mwaka 2026 makato hayo yamepanda hadi dola 202.90, yaani zaidi ya dola 2,400 kwa mwaka. Fedha hizi hukatwa kabla pensheni ya Social Security haijaingia benki, ndiyo maana wazee wengi hawajui hata kama wanalipa. Na wengi wenye kipato kidogo hawakupaswa kulipa chochote, maana upo mpango wa serikali wa kuwalipia. Tatizo ni kwamba, ukiacha wanaopokea SSI (posho ya serikali kuu kwa wazee na wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha) ambao majimbo mengi huwaingiza moja kwa moja, mpango huu haumfuati mtu nyumbani. Lazima uombwe.

Jina lake la jumla ni Medicare Savings Programs, kwa kifupi MSP. Anayeamua si ofisi ya Social Security bali ofisi ya Medicaid ya jimbo (Medicaid ni bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), na hapo ndipo watu wengi hupotea njia. Wanakwenda Social Security, wanaambiwa "hatuhusiki", wanarudi nyumbani. Jina la Medicaid nalo hubadilika kila jimbo: California ni Medi-Cal, Massachusetts ni MassHealth, Arizona ni AHCCCS. Ukipiga simu jimboni, tamka wazi kwamba unaomba MSP. Ukisema tu "msaada wa bima" unaweza kupewa fomu ya kitu kingine kabisa.

Ngazi za MSP ni nne, lakini kwa mzee wa kawaida zinazohusika ni tatu. Viwango vya mwaka 2025, ambavyo hupanda kidogo kila mwaka, vilikuwa hivi: QMB ni kwa mtu mmoja mwenye kipato kisichozidi dola 1,325 kwa mwezi, au mume na mke wasiozidi 1,783. SLMB ni hadi 1,585 kwa mmoja na 2,135 kwa wawili. QI ni hadi 1,781 kwa mmoja na 2,400 kwa wawili. Akiba isizidi dola 9,660 kwa mmoja au 14,470 kwa wawili. Alaska na Hawaii viwango viko juu zaidi. Ngazi ya nne, QDWI, ni ya watu wenye ulemavu walio chini ya miaka 65 waliorudi kazini, tuiache.

SLMB na QI hulipa ada ya Sehemu B tu. QMB ndiyo nono. Inalipa ada ya Sehemu B, inalipa ada ya Sehemu A, yaani bima ya hospitali, kwa wale wanaotozwa, inafuta ile dola 1,676 ambayo mgonjwa alitakiwa kulipa mwenyewe alipolazwa hospitalini mwaka 2025, na inafuta ile asilimia 20 ya bili ya daktari ambayo Medicare humwachia mgonjwa. Tofauti nyingine ni ya tarehe. SLMB na QI zinaweza kurudi nyuma hadi miezi mitatu kabla ya mwezi wa maombi (kwa QI, ndani ya mwaka huohuo), lakini QMB huanza mwezi unaofuata ule ambao ofisi imeidhinisha. Kwa hiyo kila mwezi wa kuchelewa kuomba QMB ni mwezi uliopotea. QI yenyewe ina bajeti ya mwaka na anayewahi ndiye anayepata; afadhali iombwe mapema, na inaombwa upya kila mwaka.

Sasa kwa nini ninasisitiza kuanza na jimbo? Kwa sababu ya dawa. Mpango wa Extra Help hupunguza gharama za Sehemu D, yaani bima ya dawa. Mtu akiingia MSP, ngazi yoyote kati ya QMB, SLMB na QI, Extra Help anapewa bila kuomba. Kinyume chake si hivyo: ukianza na Extra Help, Social Security hupeleka taarifa zako jimboni kama maombi ya MSP, isipokuwa umeweka alama ya kukataa kwenye fomu, halafu unabaki kusubiri jimbo lifanye kazi yake. Mara nyingi jimbo hutaka karatasi zaidi, barua inakuja, hakuna anayeijibu, na faili linafungwa.

Anayezidi kiwango cha MSP bado anaweza kupata Extra Help peke yake, kwa fomu SSA-1020, kwenye mtandao wa Social Security au kwa simu 1-800-772-1213. Kiwango cha 2025 kilikuwa dola 23,475 kwa mwaka kwa mtu mmoja na 31,725 kwa wawili, na akiba isiyozidi 17,600 au 35,130. Aliyeidhinishwa alilipa si zaidi ya dola 4.90 kwa dawa isiyo ya nembo na 12.15 kwa dawa ya nembo. Jambo ambalo watu hulisahau: Extra Help inafuta faini ya kuchelewa kujiunga na Sehemu D. MSP nayo inafuta faini ya kuchelewa Sehemu B, na mwenye Sehemu A aliyekataa Sehemu B kwa sababu ya bei anaweza kuingizwa na jimbo wakati wowote wa mwaka, bila kusubiri msimu wa kujiandikisha wa Januari hadi Machi.

Kuhesabu kipato

Hapa ndipo maombi mengi hukwama, na mara nyingi mtu hujikataa mwenyewe kabla hajakataliwa.

Kwanza, kinachohesabiwa ni pensheni kabla ya makato. Ukisoma taarifa ya benki ukaona dola 1,150, pensheni halisi inaweza kuwa 1,335, na hiyo tayari imevuka QMB ya 2025 na kuangukia SLMB. Tumia barua ya kila mwaka ya Social Security, si taarifa ya benki.

Pili, mshahara hauhesabiwi wote. Unatoa dola 65, kisha unachukua nusu ya kinachobaki. Tuseme mama ana pensheni ya dola 1,200 na anapata dola 500 kwa kazi ya muda. Katika zile 500, toa 65, zinabaki 435, nusu yake ni 217.50. Kipato chake mbele ya jimbo ni 1,417.50, si 1,700. Kwa viwango vya 2025 ni SLMB bila wasiwasi. (Dola 20 za msamaha ambazo kila mtu hupewa tayari zimo ndani ya viwango nilivyotaja, usizitoe mara ya pili.)

Tatu, na hili linawahusu sana watu wetu: fedha unazotuma nyumbani hazipunguzwi kwenye kipato. Mzee anayetuma dola 200 Bukavu au Kisumu kila mwezi anahesabiwa kana kwamba hajatuma. Na mtoto anayemtumia mzazi dola taslimu kila mwezi anamwongezea kipato mbele ya ofisi. Kwa upande wa Extra Help, tangu 2010 msaada wa kulipiwa gharama za nyumba na wengine hauhesabiwi, kwa hiyo kumlipia mzazi bili ya umeme moja kwa moja ni tofauti na kumwekea fedha mkononi.

Kwenye akiba, nyumba anayoishi haihesabiwi, wala gari moja, vyombo vya ndani, au eneo la kaburi lililonunuliwa. Fedha za benki huhesabiwa, pamoja na akaunti yenye majina mawili, hata kama fedha ni za mtoto. Ikiwa jina la mzee limewekwa kwenye akaunti ya kijana wake "kwa dharura tu", ofisi huanza kwa kudhani fedha zote ni zake, na kazi ya kuthibitisha vingine ni yenu. Kiwanja au nyumba ya kupangisha iliyoko Tanzania, Kenya au Congo ni mali pia, na fomu inauliza. Usiifiche. Kama haiuziki kwa sababu ni ya ukoo au iko kwenye mgogoro, andika hivyo na uambatanishe karatasi uliyo nayo.

Kabla ya kuogopa akiba, uliza sheria ya jimbo lako. New York, Connecticut, Vermont, Alabama, Mississippi na Arizona ni miongoni mwa majimbo ambayo hayaangalii akiba kabisa kwa MSP. New York pia iliongeza viwango vya kipato mwaka 2023: QMB hadi asilimia 138 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu na QI hadi asilimia 186. Kwa sababu ya tofauti hizi mimi huona kuzidi kwa dola mia moja si sababu ya kuacha kuomba. Acha wakatae kwa barua.

Waliokuja Marekani uzeeni

Sehemu A haina ada kwa aliyefanya kazi na kulipa kodi miaka 10, yeye au mwenzi wake. Mama aliyeletwa na wanawe akiwa na miaka 62 hana miaka hiyo. Anaweza kununua Medicare akifika miaka 65 ikiwa ana grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) na ameishi nchini miaka 5 mfululizo, lakini Sehemu A peke yake ilikuwa dola 518 kwa mwezi mwaka 2025. Nani ataweza? Njia ni QMB: jimbo linalipa hiyo 518 na Sehemu B kwa pamoja. Katika majimbo mengi, California ikiwemo tangu Januari 2025, hatua hizi zinaweza kuanza mwezi wowote. Katika machache yaliyobaki ni lazima kwanza uende Social Security kati ya Januari na Machi, uombe Sehemu A kwa sharti, yaani "naitaka ikiwa jimbo litanilipia", kisha upeleke karatasi hiyo ofisi ya Medicaid. Mfanyakazi wa kaunta anaweza asijue utaratibu huu. Mwombe aangalie maelekezo yao ya maombi yenye sharti la QMB, na usikubali kuandikiwa Sehemu A ya kawaida, maana bili ya 518 itakuja kwako.

Mwenye grinikadi ya kifamilia husubiri miaka 5 pia kwa Medicaid, na kipato cha aliyemdhamini kinaweza kuhesabiwa. Wakimbizi hawakuwa na subira hiyo, lakini sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imebadilisha mambo. Kuanzia 1 Oktoba 2026, mkimbizi asiye na grinikadi anaondolewa kwenye Medicaid inayolipiwa na serikali kuu, na aliye kwenye Medicare bila grinikadi anapoteza ifikapo 4 Januari 2027. Kwa familia za Wakongomani kule Louisville au Dallas, jambo la kwanza kwa mzee ambaye miaka imepita bila kuomba grinikadi ni fomu I-485 ya kuomba grinikadi, kabla hata ya MSP. Mwende kwa mwanasheria wa uhamiaji au shirika lililowapokea.

Siku ya kuomba

Andaa kadi ya Medicare, barua ya pensheni ya mwaka huu, taarifa za benki za miezi mitatu, kitambulisho, grinikadi au cheti cha uraia, na kitu kinachoonyesha anapoishi. Peleka nakala, si asilia, na upate risiti yenye tarehe. Mkalimani wa Kiswahili ni haki na ni bure, kwenye simu na kaunta. Akija anayezungumza Kiswahili cha pwani wakati mama anasema cha Bukavu na hawaelewani, omba mwingine. Usimwache mjukuu wa miaka 12 atafsiri maswali ya akiba. Kila jimbo lina washauri wa SHIP wanaojaza fomu hizi pamoja nawe bila malipo, na namba yao utapewa ukipiga simu ya Medicare, 1-800-633-4227. Hawauzi bima. Anayepiga simu akisema "una Medicare na Medicaid, nikupe kadi ya chakula" huyo anauza, na mpango wake unaweza kukutoa kwa daktari wako.

Jimbo lina siku 45 kujibu. Baada ya idhini makato ya Sehemu B huendelea mwezi mmoja au zaidi kabla mifumo haijawasiliana, kisha Social Security hurudisha kilichokatwa zaidi. Ikipita miezi mitatu bila kurudishiwa, fuatilia jimboni kwanza, kwani mara nyingi jina au namba ya Medicare imekosewa huko.

Mwenye QMB akitumiwa bili na daktari wa Medicare, asilipe. Sheria ya serikali kuu inakataza daktari huyo kumtoza, hata kama daktari hapokei Medicaid, na hata kama mgonjwa alisaini karatasi ya kukubali kulipa. Onyesha kadi zote mbili, ya Medicare na ya Medicaid, kila ziara, na ile taarifa ya Medicare inayokuja kwa posta imeandikwa kwamba uko QMB; ipeleke kwa mhasibu wa kliniki. Wakikaidi, piga namba ileile ya Medicare. Ukweli mwingine usiopendeza ni kwamba majimbo mengi hulipa kidogo sana kwa ile asilimia 20, au hayalipi kitu, kwa hiyo baadhi ya madaktari hukwepa wagonjwa wa QMB. Uliza kabla ya kupanga miadi.

Duka la dawa likisema Extra Help haionekani, chukua barua ya idhini ya jimbo. Kampuni ya bima ya dawa inalazimika kuikubali kama ushahidi na kurekebisha bei. Chunguza pia kama mpango wako wa dawa uko kwenye orodha ya ile isiyo na ada kwa watu wa Extra Help, kwani ukiwa nje ya orodha utalipa tofauti. Mwenye Extra Help anaruhusiwa kuhamia mpango mwingine wa Sehemu D kila mwezi.

Kila mwaka inakuja bahasha ya kuhuisha MSP. Mzee akihama nyumba bila kutoa anwani mpya, bahasha inakwenda kwa mpangaji mwingine, MSP inafungwa, na mara ya kwanza familia kujua ni pale pensheni inapopungua kwa dola 202.90. Stempu za chakula, yaani SNAP, nazo zinaweza kupungua baada ya MSP kuanza kwa sababu gharama za matibabu zimeshuka, lakini kinachopungua ni kidogo kuliko kilichoongezeka. Na nyumba haichukuliwi kufidia: tangu Januari 2010 majimbo hayaruhusiwi kudai gharama za MSP kutoka kwenye mirathi ya marehemu.