Mama Anasema

Kikapu kilikuwa kimesahauliwa kwenye bajaji. Hilo nililijua kabla sijajua lolote lingine kuhusu familia ile, kwa sababu wakati naburuta mzigo wangu kwenye ukumbi wa stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, pale Dar es Salaam, yule mama alikuwa analieleza kwa sauti ambayo dari la ukumbi lilitusomea upya.

"Zawadi za mama yangu! Kitenge, viatu, vyote! Umeviacha vikatembee mjini!"

Mumewe alisimama na begi mgongoni, ameinua macho kwenye saa ya ukutani kama mtu anayeiomba imtetee. Nikajisemea moyoni: ole wake atakayelala chumba kimoja na hawa.

Nililala nao mimi. Nusu yao, tuseme. Daraja la pili kwenye treni hii chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande, na kama hamkununua chumba kizima, wanaume wana vyao, wanawake na watoto wana vyao. Kwa hiyo familia ilikatwa katikati. Mama, kichanga cha miezi kama saba na binti wa miaka sita hivi wakaja upande wetu. Baba akapelekwa vyumba viwili mbele. Wengine humo ndani walikuwa bibi mmoja anayerudi kwao Mbeya, na wanafunzi wawili wa kike waliopanda vitanda vya juu, wakaziba masikio kwa muziki, tusiwaone tena mpaka siku ya pili.

Binti alituamkia mmoja mmoja, kwa mpangilio wa umri, bila kukosea. "Shikamoo bibi. Shikamoo anti." Mhudumu wa behewa alipoleta mashuka naye akapata yake. Treni ilipoanza kusogea, mama yake akampa kazi ya kwanza.

"Nenda kwa baba yako akupe nepi za mtoto. Kama nazo hakuziacha kwenye bajaji."

Binti akatoka. Akarudi na nepi. "Baba anasema pole."

"Kamwambie pole haivaliwi."

Akaenda tena. Sisi tukabaki tunatazama dirishani kwa bidii, kama watu wasiojua Kiswahili. Akarudi: "Baba anasema sawa."

Ikawa hivyo mchana kutwa. Maji, kanga ya kumfunikia mtoto, dawa ya kichwa, kila kitu kilipita mikononi mwa yule binti, na kila kitu kilisindikizwa na maneno. Miguu yake ilikuwa inasikika koridoni, kandambili zinapiga pa, pa, pa, tunajua salamu zinakuja. Bibi, ambaye hakuwa na haya kabisa, akawa anauliza kabla mlango haujafunguka vizuri: "Haya, amesemaje?"

Jioni treni iliingia kwenye pori lile tulilozoea kuliita Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Behewa zima likahamia upande mmoja. Twiga watatu walikuwa wamesimama kando ya reli, wanatutazama sisi tuliolipa nauli kana kwamba tumeletwa tuoneshwe kwao. Binti alirukaruka.

"Nimwambie baba?"

"Baba yako ana macho," akasema mama.

Nikatoka kwenda behewa la chakula kutafuta chai. Wakati narudi na kikombe, nikijishikilia ukutani kwa mkono mmoja maana koridoni hakuna anayetembea wima, nikamkuta binti mlangoni kwa baba yake. Alikuwa amenipa mgongo.

"Mama anasema kuna twiga. Anasema njoo uone."

Baba akainuka kidogo kitandani. "Amesema hivyo?"

"Ee. Anasema na usilale na njaa."

Chai ilinimwagikia kidoleni. Baba akanyamaza, kisha kiburi kikamrudia. "Kamwambie mama yako sikufurahi kunisema mbele za watu vile. Mimi ni mtoto wake?"

Binti akatikisa kichwa kwa heshima zote, akageuka, akaniona. Tukatazamana. Hakuona aibu, alinitazama vile fundi anavyomtazama mtu aliyechungulia karakana yake. Nikajibana ukutani, akapita. Nilipofika chumbani alikuwa ameshafikisha ujumbe.

"Baba anasema ahsante kwa twiga."

Mama hakujibu. Ila nilimwona anaufungua ule mfuko wa chakula, anatoa andazi moja, analifunga kwenye karatasi. "Mpelekee," akasema, akaangalia pembeni. Andazi lile halikusindikizwa na neno hata moja, na sina shaka lilipofika lilikuwa na hotuba nzima.

Tangu hapo nikamwita Balozi.

Usiku bibi alitusimulia. Reli hii ilipojengwa, kati ya 1970 na 1975, Wachina na Watanzania na Wazambia wakitandika kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, yeye alikuwa msichana. Siku treni ilipopita kwao kwa mara ya kwanza, alisema, walikwenda kuitazama kama watu wanavyokwenda kumtazama bibi harusi, na mjomba wake mmoja akajifanya haogopi, honi ilipolia akaacha viatu. Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Kisha akanigeukia mimi, na nikajua zamu yangu imefika, kwa sababu hakuna bibi anayesafiri usiku kucha na mwanamke wa miaka 41 bila kumuuliza. Lakini Balozi akamuwahi.

"Anti, watoto wako umewaacha na nani?"

"Sina watoto, mama."

Akafikiri. "Wameisha?"

"Wewe!" mama yake akamfokea, huku bibi amejifunika shuka usoni, mabega yanatikisika. Nikacheka na mimi. Swali hilo nimeulizwa kwa huruma, nimeulizwa kwa unabii, nimeulizwa na mashemeji waliokwisha kunitafutia dawa. Sijawahi kuulizwa vile mtu anavyoulizia sukari dukani.

"Havikuwahi kuletwa," nikamjibu, kana kwamba kweli tunazungumzia bidhaa.

Akakubali. Dakika mbili baadaye alikuwa amelala, mguu mmoja unaning'inia nje ya kitanda. Bibi naye akalala, na kwa vile alivyokoroma tungeweza kusema treni imefungwa injini ya pili.

Mlimba tulifika asubuhi. Stesheni hii iko ukingoni mwa bonde la Kilombero, nchi ya mpunga na ndizi, na treni inapotulia madirisha yanageuka soko: mabeseni vichwani, mikono inanyooshwa, chenji zinarushwa. Mimi nilikuwa nabishana na muuzaji wa chai nilipomwona baba anakatiza katikati ya watu, anakimbia kuelekea nyuma ya jengo. Honi ikalia. Hajatokea. Honi ya pili. Treni ikajikunja, ikavuta.

Mama alikuwa amempakata mtoto. Alinirushia mimi yule mtoto, kweli alinirushia, akatoa kichwa na mabega yote dirishani.

"Mume wangu huyo! Jamani! Baba wewe, panda! Panda!"

Baba akatokea na mkungu wa ndizi begani, mkubwa kuliko binti yake, anakimbia huku shati limechomoka, vijana wa stesheni wanamshangilia kama yuko uwanja wa mpira. Alidaka mlango wa behewa la nyuma yetu. Mikono ya watu wasiomjua ikamvuta, wengine wakavuta ndizi, na kwa muda haikujulikana ni kipi kitaingia kwanza.

Mama akarudi kukaa. Akanyoosha mikono, nikamrudishia mtoto wake, ambaye muda wote huo alikuwa ananyonya kidole changu kwa utulivu mkubwa. Balozi akasimama, tayari.

"Nimwambie nini?"

Mama alifungua mdomo, akaufunga. "Kaa," akasema.

Baada ya Mlimba reli inaanza kupanda milima kuelekea Makambako, na huko ndiko kwenye mahandaki na madaraja marefu. Baba alikuja akasimama mlangoni petu, jasho halijakauka, mkungu umesimamishwa miguuni kama mgeni mwingine. "Ni za mama," akasema, akimaanisha mkwewe. "Kule kwenye baridi hawapati ndizi kama hizi." Mkewe akawa anakunja kanga ambayo ilikuwa imekunjwa tayari. Yeye hakuambiwa aingie, na hakuondoka.

Ndipo handaki la kwanza likatumeza. Taa za behewa hazikuwa zinawaka. Giza lilikuwa la kushikika.

"Nani amezima?" Balozi akapiga kelele.

"Mungu," akajibu bibi.

"Mwambieni awashe!"

Mwanga ukarudi, sote tunacheka, hata wale wanafunzi wa juu. Baba bado mlangoni. Likaja la pili, refu zaidi. Nilisikia ndizi zikiburutwa sakafuni, nikasikia kitanda cha chini kikilia kwa uzito mpya, halafu kimya. Tulipotoka kwenye mwanga, baba alikuwa amekaa kando ya mkewe na mtoto kifuani, na mama ameshika kona ya shati lake, anaipangusa vumbi kwa ukali, kama mtu anayegomba na shati. Hakuna aliyesema neno. Bibi aliniminya paja mpaka nikaumia.

Balozi alianza kuyahesabu mahandaki kwa sauti, maana kazi nyingine hakuwa nayo. Alipofika tisa akaanza kubishana na bibi, ambaye alikuwa na saba.

Makambako walishuka. Baridi iliingia mlangoni kabla wao hawajatoka. Jukwaani alikuwa anawasubiri mama mmoja mwenye sweta juu ya kanga mbili, na baba akamkabidhi ule mkungu kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, na yule mama mkwe akapiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Habari ya kitenge na viatu sikuisikia. Nadhani haikutajwa.

Nilikuwa nimeegemea dirisha nikiwatazama. Balozi akachomoka katikati ya mizigo, akaja mpaka chini yangu, akainua uso.

"Anti! Mama anasema likizo unaweza kuniazima."

Nikamtazama mama yake. Alikuwa amenipa mgongo, anahesabu mabegi.

"Kamwambie ahsante," nikasema.

Akakimbia. Treni ikaanza kusogea. Nilimwona anamvuta mama yake kanga, anaanza kuongea, na alikuwa anaongea bado, mikono inapanda na kushuka, neno juu ya neno, wakati mama yake alipoinua kichwa ghafla kunitafuta dirishani, mkono umeziba mdomo.