Baiskeli moja, tairi za nyuma tatu

Jirani yangu hapa Isevya, Tabora, keshanizoea. Akinikuta jioni nimeipindua baiskeli miguu juu anauliza tu, "Leo unaivalisha ipi?" Anaongelea tairi ya nyuma. Ninazo tatu, mbili muda wote zinaning'inia ukutani sebuleni (mama watoto hilo hajalikubali mpaka leo) na zote zinaingia kwenye fremu ileile, spana namba 15 na dakika kumi hivi, imeshakuwa baiskeli nyingine.

Zamani nilikuwa na baiskeli mbili, Phoenix ya chuma isiyo na giya na mtumba wa Japani wenye giya. Sa mvua zikianza ile ya giya ndo inakuwa msiba, tope jeusi la mbugani linajaa kwenye kile kikono cha giya kinachoning'inia nyuma mpaka cheni inarukaruka yenyewe, mwisho wa siku unaisukuma badala ya kuipanda. Kiangazi nako mchanga. Halafu Phoenix nayo mjini hapa haina shida, ila nenda nayo ukweni Ndono, kama kilomita 40 hivi, kwenda raha mustarehe, kurudi sasa mama mkwe kakufungia mchele kwenye keria na upepo wa kiangazi unatoka mashariki unakupiga usoni, utajua magoti ni ya nani. Kuna watu wanasema Tabora tambarare giya za nini, hao waulizeni kama wamewahi kurudi kutoka Ndono mwezi wa nane.

Nikaenda kwa mzee fundi nimuulizie baiskeli ya tatu. Nikamwamkia, nikajieleza wee, ye ananiangalia tu. Mwishoni akasema, "Mwanangu, fremu unayo. Nunua tairi."

Akanionyesha masikio ya nyuma ya ile Phoenix, pale ekseli inapokaa. Mpasuo wake umelala na ni mrefu, kwa hiyo unaweza kuivuta tairi nyuma au kuisogeza mbele mpaka cheni ikaze. Baiskeli nyingi za kisasa mpasuo umesimama, tairi inaingia sehemu moja tu, na kama huna kikono cha giya cha kuvuta cheni basi inalegea na huna la kufanya. Hesabu aliyonipa nimeipima mwenyewe na ni kweli: ukiongeza jino moja kwenye sproketi ya nyuma (lile duara la meno linaloshika cheni), ekseli inasogea kama milimita 3. Yaani lile bati zito tunalolidharau ndo lina nafasi ya kuchezea.

Cha pili upana. Masikio yangu yalikuwa na nafasi ya milimita 114 na hab (kile kitovu cha tairi chenye ekseli ndani) zote nilizokuwa nazitaka ni za 120. Mzee akachukua chuma cha nyuzi na nati mbili akayatanua polepole, akipima kila mara. Hiyo inawezekana kwa sababu ni chuma, fremu ya aluminiamu usithubutu, itapasuka.

Sasa hapa ndo nilipoumia. Nikanunua ringi tatu za mtumba, muuzaji kasema 28, Phoenix yangu imeandikwa 28, nikalipa nikaondoka nazo kifua mbele. Kumbe 28 si aina moja! Ya Phoenix sehemu tairi inapokaa ina kipenyo cha milimita 635, hizi nyingine wanazoziita 700C ni 622. Breki yangu ya vyuma ya nyuma haikushika kitu, vipira vinasugua hewa. Na hab yangu moja ya zamani ilikuwa ya matundu 40 ya spoku, ringi zina matundu 36, hiyo nayo kwaheri. Sikurudisha, aibu. Mbele nikaacha kila kitu kama kilivyokuwa, nyuma nikaweka breki ya waya yenye mikono mirefu, na kwa vile ringi zote tatu ni sawa sihitaji kuigusa breki nikibadilisha tairi.

Tairi ya kwanza hab yake ina nyuzi za kufungia sproketi pande zote mbili. Upande mmoja friwili (ile inayoacha pedeli zitulie tairi ikizunguka) ya meno 20, upande wa pili sproketi ya meno 18 isiyo na friwili, imefungwa na nati inayokaza kinyume ili isifunguke ukipunguza mwendo kwa miguu. Mbele nina meno 44 siku zote. Ukiigeuza tairi ekseli inasogea kama milimita 6, cheni ileile. Siku ya kwanza kujaribu upande usio na friwili nilienda barabara ya Kwihara, kule kwenye Tembe la Livingstone, mbuzi akakatiza, nikaacha kukanyaga kama nilivyozoea. Asee. Pedeli haziachi, zinakubeba na miguu yako, nilirushwa kwenye mchanga na mbuzi amesimama ananiangalia. Saivi naupenda upande huo, kwenye mchanga unahisi tairi inavyoteleza kabla haijateleza. Mbele lazima breki lakini.

Na sio ushamba huu wa kugeuza tairi. Kwenye Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, giya za kurusha cheni hazikuruhusiwa mpaka 1937, kabla ya hapo mtu akifika mlimani anashuka, anafungua tairi, anageuza upande wenye sproketi kubwa, anaendelea.

Ya pili ni giya tatu za ndani, hab ya mtumba wa Japani, sio ule wangu wa kikono. Kila kitu kimefichwa ndani ya hab, tope halioni pa kuingia, hii ndo ya masika. Mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka kuanzia mita 3 na nusu mpaka 6 na nusu hivi.

Ya tatu giya tano za nje, meno 14 mpaka 28. Nyepesi na tamu, ya kiangazi na lami tu. Inataka cheni nyembamba, kwa hiyo nina cheni mbili, na sproketi ya mbele nimeweka ya meno membamba maana cheni pana inakaa kwenye meno membamba ila nyembamba haikai kwenye mapana. Usiulize nimejuaje.

Jumamosi naenda Ndono. Wingu limeanza kufunga ila mvua yenyewe haijaonekana, na mimi nimeivalisha giya tano. Jirani kaniwekea dau la soda kwamba narudi nasukuma.