Bomba limeacha kuziba: zinki na boroni kwenye michungwa ya Muheza, awamu ya nne

Jamani imekubali! Jana jioni nimenyunyizia majani mabomba sita ya mgongoni mfululizo ya zinki na boroni, madini ambayo mti unayahitaji kidogo kidogo, bila kufungua nozo (kile kichwa kinachotoa manyunyu) hata mara moja, na hapo mwezi uliopita bomba moja tu nilikuwa silimalizi, kwa hiyo naandika sasa hivi vipimo vikiwa bado kichwani maana karatasi niliyoandikia imelowa.

Ni ile michungwa yetu ya Valencia, miti 64, udongo mwekundu uliochoka. Majani machanga yanatoka madogo, membamba, yamesimama wima, njano katikati ya mishipa na kijani kimebaki kwenye mishipa yenyewe. Hiyo ni dalili ya upungufu wa zinki, wote mnaijua. Boroni nimeiongeza kwa sababu ya matunda machanga yaliyokuwa yanadondoka yakiwa magumu kama jiwe, ukipasua unakuta utomvu wa kahawia kwenye ule weupe wa ndani ya ganda. Najua mchungwa hata ukiwa mzima unamwaga zaidi ya asilimia 90 ya maua yake, kwa hiyo sikulii maua, nalilia matunda yaliyokwisha kushika.

Sasa shida yenyewe. Awamu ya kwanza nilifuata ile kanuni ya Wahindi, zinki salfeti gramu 5 kwa lita na chokaa nusu yake, yaani kwenye bomba la lita 16 unaweka gramu 80 za zinki na 40 za chokaa. Chokaa ipo kwa sababu zinki peke yake kwa kipimo hicho inaunguza majani. Kwenye ndoo ilionekana safi, nikachuja kwa kitambaa, nikabeba mgongoni, mti wa kwanza haujaisha nozo imekufa. Nikafungua, nikasugua kwa mswaki, nikafunga, mti wa pili imekufa tena! Siku nzima miti saba.

Awamu ya pili nikatoa chokaa nikaweka boraksi, ile chumvi yenye boroni, ili nipate boroni hapohapo, nikajua nimemaliza. Ikawa mbaya zaidi, chini ya bomba kumekaa uji mweupe mzito kama togwa iliyotulia, na hela ya zinki yote imelala pale chini. Nilikasirika nikaliacha bomba shambani siku mbili. Awamu ya tatu zinki tupu kwenye maji, haikuziba kabisa, ila nilipiga saa tano asubuhi jua limeshawaka, kesho yake majani machanga yana madoa ya kahawia kwenye ncha. Mjomba akapita akashika tawi akaniambia, “Mwanangu, mchungwa unakula kwa mizizi, haya majani unayatesa bure.” Nikamwambia, “Shikamoo mjomba, kwa samadi uko sahihi kabisa, ila hii zinki udongo wetu unaishikilia, nipe msimu mmoja.” Akaitikia marahaba, akaondoka anatikisa kichwa.

Basi nikaacha shamba nikakaa jikoni na chupa sita za maji za nusu lita. Kila chupa mchanganyiko wake, natikisa, naacha nusu saa, naangalia kwenye mwanga wa dirisha. Zinki na maji ya mvua: safi. Zinki na maji ya kisima chetu: ukungu kidogo. Zinki na boraksi: maziwa papo hapo. Nikachovya karatasi ya pH (inapima uchachu wa maji, 7 ni katikati, chini yake ni uchachu), ile ya boraksi inasoma 9, kisima kinasoma karibu 8. Hapo ndipo nilipoelewa, zinki ikikutana na maji yenye pH ya juu inaganda na kushuka chini, haijalishi unachuja mara ngapi, kwa sababu inagandia humohumo ndani ya bomba baada ya kuchuja! Chupa ya tano nikaweka boriki asidi badala ya boraksi, ile poda wanayonyunyizia kwenye ubao wa keramu, na ya sita hiyohiyo pamoja na maji ya ndimu. Ya sita nimeiacha usiku kucha, asubuhi unasoma gazeti ukiangalia upande wa pili.

Kwa hiyo bomba la jana: maji ya kisima robo tatu, ndimu nakamua kwanza mpaka karatasi isome kati ya 5 na 6, afu zinki gramu 40 tu (nusu ya mwanzo, kwa sababu chokaa haipo ya kuipoza), afu boriki gramu 16 niliyoyeyusha pembeni kwa maji ya moto maana kwenye maji baridi haiyeyuki vizuri, najaza. Nimeanza saa kumi na moja jioni. Leo nimezunguka miti yote, hakuna doa.

Urea nimeiacha, watu wanaichanganya ili zinki iingie vizuri lakini urea ya dukani ya mahindi mara nyingi ina biureti nyingi, ule uchafu unaojitokeza urea ikitengenezwa, na mchungwa hauiwezi, ncha zinageuka njano. Na tafadhali nunueni mizani ya sonara, kijiko cha chai kitawadanganya, kijiko cha zinki na kijiko cha boriki havina uzito mmoja, na boroni ukizidisha kidogo tu ni sumu. Bomba la betri ni zuri kwa presha ila mimi bado napenda la mkono, nozo ikianza kuziba mkono unasikia mapema. Bomba la dawa ya magugu liwe lake peke yake.

Ile miti saba ya awamu ya kwanza kijani kimeanza kutanuka kutoka kwenye mishipa. Chipukizi jipya likitoka lazima nirudie, zinki haihami kutoka jani la zamani kwenda jipya.

Nilipanga wiki hii nihesabu matunda kwenye matawi niliyofunga kitambaa chekundu halafu nianze kupiga manganizi, madini mengine kama zinki. Nimeahirisha. Kuna miti mitatu kule bondeni haijabadilika hata kidogo, na nilipotazama vizuri njano yake haifanani pande mbili za jani. Ya zinki inafanana kushoto na kulia. Nikachora kwa kalamu duara mbili, moja kila upande wa mshipa mkuu, sehemu ileile: moja njano tupu, nyingine kijani. Hiyo dalili ni ya griningi, ugonjwa wa bakteria wa michungwa, na griningi haina busta (mbolea ya majani) inayoiponya. Sasa natembea na kalamu mti kwa mti, nageuza majani machanga natafuta vile vidudu vinavyoueneza, vinavyokaa vimeinua mkia juu. Mpaka jioni hii nimefika mti wa 21, wa nne wenye shaka nimeupata mstari wa tatu, kesho alfajiri naendelea.