Bakuli la Tunda

Figo za paka wangu Tunda zilianza kuchoka akiwa na miaka 15. Nilijua kwa maji: alilamba bakuli mpaka likakauka, kisha akanitazama. Daktari wa mifugo alinishauri niandike kila jioni kama amekula, kama amejilamba manyoya, kama amenifuata mlangoni. Siku mbaya zilipozidi nzuri, nilimpigia simu.

Alimchoma kwanza sindano ya usingizi, ndipo ile ya mwisho. Alikuwa ameniambia mapema kwamba macho yatabaki wazi, na namshukuru sana kwa hilo. Nilimshika sikio, lile lenye pengo, mpaka likapoa.

Paka wetu mdogo tulimwacha amnuse. Alinusa, akajilaza kando ya kikapu. Lile bakuli bado sijaliondoa.