"Mmeelewa?": Swali Nililoacha Kuuliza

Kwa miaka mingi nilifunga kila kipindi cha Hisabati kwa swali moja, "Mmeelewa?", na watoto 87 wa Darasa la Tano wakanijibu kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuvuta ambayo kila aliyesoma katika shule zetu anaifahamu, "Ndiyoo, mwalimu!" Nilikuwa nikitoka darasani nimeridhika, nami hukuta katika jaribio la mwisho wa wiki kwamba wengi wao hawakuwa wameelewa hata kidogo. Nikitafakari sasa naona kwamba lile swali halikuweza kuniletea habari yoyote. Mtoto aliyeelewa huitikia ndiyo. Asiyeelewa huitikia ndiyo ili asibaki peke yake mbele ya wenzake. Na yule anayedhani ameelewa, ambaye ndiye anayehitaji msaada kuliko wote, huitikia kwa moyo mkunjufu kabisa.

Nililiacha swali hilo kwa sababu ya mtoto mmoja na hesabu moja ya sehemu. Nilikuwa nimefundisha kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, nimeeleza Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS, ile namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote, nimefanya mifano kadhaa ubaoni, kisha nikatoa zoezi. Daftari baada ya daftari nilikuta 1/2 + 1/3 = 2/5. Kosa hilo linajulikana kwa walimu wote wa Hisabati: mtoto hujumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili. Siku zote nilikuwa nikiweka alama ya kosa, nikarudi ubaoni na kueleza upya maneno yale yale, kwa sauti ya juu zaidi. Mara hiyo, wakati wa mapumziko, nilimwita kijana mmoja akaketi karibu nami, nikamwambia anieleze alivyopata jibu lake, nami nikajizuia kumsahihisha.

Alinitazama kwanza, akipima kama nimekasirika. Kisha akasema, "Mwalimu, ni kama penalti. Jana nilipiga mbili nikafunga moja. Leo nimepiga tatu nikafunga moja. Zote ni tano, na nimefunga mbili."

Nilikaa kimya, kwa kuwa hesabu yake ya penalti ilikuwa sahihi kabisa. Mchezaji wa namna hiyo kweli amefunga mbili katika tano. Mtoto huyu alikuwa amefikiri, tena kwa makini, isipokuwa alikuwa akijibu swali lingine. Katika penalti, kila pigo jipya huongeza idadi ya mapigo, na kwa hiyo asili yenyewe hukua. Katika hesabu niliyompa, kipimo hakibadiliki: nusu na theluthi zote zinapimwa kwa kitu kimoja kizima. Nikamwuliza, "Mama amekupa nusu ya chapati, na dada yako akakumegea theluthi ya chapati nyingine inayolingana na hiyo. Una zaidi ya nusu au pungufu?" Akajibu bila kusita kwamba ana zaidi. "Na 2/5 ya chapati, je? Ni zaidi ya nusu au pungufu?" Hapo alinyamaza kwa muda mrefu, akachora mstari kwenye meza kwa kidole, akaugawa mara tano, akahesabu. "Ni pungufu," alisema, na nikauona uso wake ukibadilika, kwa sababu haiwezekani mtu aongezewe chapati kisha abaki na chache kuliko alizokuwa nazo.

Tulichukua kipande kirefu cha karatasi, tukakikunja katikati kuwa sehemu mbili sawa, kisha tukakunja hicho kilichokunjwa katika sehemu tatu, tukakifungua. Vikaonekana vipande 6. Nusu ilichukua vipande 3, theluthi ikachukua 2, jumla vipande 5 kati ya 6. Ndipo aliponiuliza mwenyewe, "Kwa hiyo ile KDS ndiyo hivi vipande 6?" Wiki nzima nilikuwa nimemfundisha namna ya kuitafuta KDS, wala sikuwahi kumwonyesha kazi yake.

Tangu hapo naamini kwamba makosa mengi ya watoto yana sababu nzuri nyuma yake, na kwamba mwalimu asiyeisikia sababu hiyo hujenga juu ya msingi asioujua. Mtoto haji darasani akiwa mtupu. Anakuja na penalti, na mgao wa chakula nyumbani, na chenji ya dukani, na kila tunachomwambia hukipima kwa hayo aliyonayo.

Badiliko la pili nililolifanya linahusu mwanzo wa kipindi. Madaftari hufungwa kwa dakika 5, nami huandika ubaoni maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Kila mtoto huandika anachokumbuka kwenye kipande cha karatasi. Zoezi hili halitolewi maksi, na nimelisisitiza hilo hata kwa wazazi. Sikulibuni mimi. Sisi tuliosoma chuoni Pwani, yaani madrasa ya Kurani, tunakumbuka kwamba maalimu hakumpa mtoto somo jipya kabla hajamsikiliza somo la jana kwa ghibu, na kwamba kudurusu kulikuwa kazi ya kila siku, wala hakukungoja mtihani. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio linaloeleza kwa nini mwendo huo una nguvu. Wanafunzi wa kundi moja waliisoma makala fupi mara nne. Wa kundi lingine waliisoma mara moja, kisha mara tatu wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi, asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, na waliojikumbusha wakabaki na 61. Nawaomba wazazi waizingatie tofauti hiyo, kwa sababu mtoto anayesoma daftari lake mara nne usiku wa kuamkia mtihani hujihisi ameiva, na kujihisi huko ndiko kunakomponza.

Hata hivyo, kukumbuka peke yake hakutoshi. Yule kijana angeweza kuikariri kanuni ya KDS na kuitoa neno kwa neno, na bado asijue kwa nini 2/5 haiwezi kuwa jibu.

Jambo dogo zaidi, na lililonigharimu juhudi kubwa zaidi, ni kunyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza swali kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe, na kwamba wakisubiri sekunde 3 majibu ya wanafunzi huwa marefu na yenye hoja. Sekunde 3 mbele ya darasa lililojaa ni ndefu mno. Mikono ile ile minne huwa tayari juu, na vidole vinadatishwa. Sasa nasema wazi, "Mikono chini, kila mtu afikiri," kisha nachomoa jina kutoka kwenye kopo. Na jibu likiwa na kosa, hatupigi makofi wala hatucheki. Namwomba aeleze njia yake, kisha namwuliza jirani yake kama njia hiyo ingefika.

Lililobaki gumu ni idadi. Siwezi kuketi na watoto 87 kama nilivyoketi na yule mmoja, na kipindi ni cha dakika 40. Ninachofanya ni kuzipitia karatasi zao jioni na kuzipanga mafungu kwa aina ya kosa badala ya kwa maksi, na mara nyingi mafungu hayazidi matano. Jana, katika desimali, fungu kubwa lilikuwa la walioandika kwamba 0.25 ni kubwa kuliko 0.3, kwa kuwa 25 ni kubwa kuliko 3. Kesho asubuhi nitamwomba mmoja wao atueleze alivyofikiri, na nimekwisha kuandaa vipande vya karatasi vya kukunja.