Senti Kumi Niliyoigeuza Chubwi

Siku ile ya mwaka 1998 naingia kwa sonara wa Ngamiani, Tanga, hela zenyewe nilikuwa nimeshazitumia kichwani. Baiskeli kwanza, kisha viatu, na mama naye nimemkatia fungu lake.

Mfukoni nilikuwa na shilingi ya mwaka 1966, zile za mwanzo kabisa kutolewa na Benki Kuu. Niliikuta kwenye mkebe wa marehemu babu. Ilikuwa pana kuliko shilingi nyingine, nyembamba, uso wa Mwalimu umetandaa na mkono wenye mwenge umerefuka. Nilishasikia kuwa sarafu zilizokosewa kiwandani hutafutwa na watu wenye fedha. Kosa kubwa namna ile, nikajiambia, lazima liwe na bei yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

Akaiweka kwenye mizani ya dhahabu, na upande wa pili shilingi ya kawaida. Mizani ikatulia karibu sawa. Nikadakia: "Unaona mzee, haikupunguzwa!"

"Haikupunguzwa, kweli. Haikukatwa wala haikuliwa na tindikali. Basi, mizani imeishia hapo."

Akavaa kioo chake cha kukuzia. Akaniambia kwamba sarafu hukaa ndani ya duara la chuma linaloibana pembeni, mihuri miwili ikaigonga juu na chini. Duara likikosekana, sarafu hutanuka, lakini herufi hubaki kali na saizi yake ileile, kwa kuwa muhuri haukubadilika. Kisha akanipa kioo nitazame mwenyewe. Herufi zangu zilikuwa zimevutika kama fulana iliyolegea, zimesagika, na pua ya Mwalimu haionekani ilipoishia.

"Hii ilitoka kiwandani nzima," akasema. "Huku mtaani ndiko ilikolaliwa na kitu kizito."

Kitu chenyewe nilikijua jioni. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Aliilaza yeye relini utotoni, karibu na stesheni, treni ya Moshi ikapita juu yake, na babu akamchapa kwa kuchezea fedha.

Lakini kilichoniuma si hicho. Nikiwa mlangoni naondoka, sonara aliniita. "Ukipata senti kumi ya mkoloni, ile ya shaba yenye tundu, na tundu limekwenda pembeni, hiyo niletee. Tundu lilitobolewa kabla ya kupigwa chapa, kwa hiyo chapa huulainisha mdomo wake. La msumari au keekee lina makali, na huacha mkwaruzo."

Nilimwitikia tu. Senti kumi ya namna hiyo ilikuwamo kwenye mkebe uleule, tundu limekula ncha ya pembe moja ya ndovu zilizochorwa juu yake. Siku za nyuma niliona mtu kaitoboa ovyo, nikaifunga kwenye mshipi iwe chubwi ya kuzamisha ndoana, nikaenda kuvua Raskazone. Mshipi ulinasa kwenye mwamba, nikauvuta, ukakatika.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa najaribu kukumbuka nilivyopitisha uzi, kama ulikwaruzwa au uliteleza. Mpaka leo nikisugua dole gumba kwenye kidole cha shahada, nahisi kama uliteleza.