Namba za akina mama

Nilipokuwa nikihudumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja hapa Kisumu, mkubwa mmoja aliingia chumba cha seva jioni, akavuta kiti, akasema kwa upole: "Kijana, nitolee majina na namba za simu za akina mama waliojifungua tangu Januari. Kuna mtu wangu anauza bima ya watoto."

Kwangu ilikuwa kazi ya kuandika amri ya mstari mmoja tu kwenye kompyuta. Anayeshika funguo za kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu zote kwenye kompyuta, huona kwa pamoja mambo ambayo hata daktari huyaona mgonjwa mmoja mmoja, na saa kama ile hana wa kumzuia. Nilimjibu, "Mzee, hawa walitoa namba ili waitwe kliniki. Ukiniandikia ombi, nitalifikisha kwa uongozi." Hakuandika, aliondoka bila kuniaga.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na haimruhusu mtu kutumia taarifa za mwenzake kibiashara bila ridhaa yake, isipokuwa pale sheria nyingine inapotoa idhini na mwenyewe aliarifiwa zilipokusanywa. Lakini jioni ile sikuwa nikiwaza vifungu. Nilimwaza mama wa mtaa wa Nyalenda aliyerudi nyumbani mikono mitupu, akipigiwa simu na mtu asiyemjua na kuulizwa mtoto anaendeleaje, kwa sababu orodha ile isingetenganisha waliofiwa na wengine.

Kilichoninyima usingizi baadaye ni kwamba nenosiri la msimamizi wa mfumo tulikuwa nalo watu watano, tena liliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi. Lau mkubwa yule angemwendea mwingine akapewa orodha, mfumo ungeandika jina lile lile la msimamizi, na hakuna ambaye angejua ni nani kati yetu aliyeitoa. Nilikuwa nimelinda mlango mmoja wa nyumba isiyo na kuta, na kwa miezi mingi nililiona jambo hilo kuwa la kawaida.

Nilimwandikia mkuu wa idara barua, nikaeleza udhaifu huo pamoja na ombi nililoletewa. Akaunti ya pamoja ilifungwa, kila mmoja akapewa yake, na kuanzia hapo orodha yoyote ya wagonjwa haikutoka bila sahihi ya watu wawili. Mwenzangu mmoja alinuna, akadhani simwamini. Nilimwonyesha orodha ambayo mfumo uliandika ya nani alifanya nini siku moja ya nyuma: kurasa nne, zote kwa jina moja, nikamwomba anionyeshe zipi ni zake. Hakuweza, wala mimi sikuweza kuonyesha zangu.